Kipande cha Sabuni na Moldi ya Sindano

Mtanisamehe mwandiko. Shule niliishia darasa la saba, na tangu hapo kalamu nimeishika zaidi kwa kuandika majina juu ya magunia kuliko kwa kuandika habari ndefu. Herufi zangu zinalala upande mmoja kama nyasi zilizopigwa na upepo wa ziwa, na herufi r na l zinanichanganya mpaka leo. Karatasi hizi nimeziandika kwa wiki tatu, kila siku kidogo, maana mkono wangu hauna haraka na kichwa nacho hakina. Palipofutwafutwa, msome hivyo hivyo.

Mwezi uliopita tulimzika Fundi Wambura nyumbani kwake Butiama. Nilirudi huku Bunda ninakoishi na kitu kizito ndani ya mkoba, kipande cha chuma cha stenlesi chenye urefu wa shubiri moja na unene wa vidole vitatu. Kiko hapa mezani, nimekilaza juu ya karatasi zilizokwisha kuandikwa zisipeperuke. Juu yake kuna mistari iliyokwaruzwa kwa ncha ya msumari, mingine imeshaanza kupotea. Kila ninapokiinua ili nichukue karatasi, naukumbuka mwaka mmoja, ule niliofanya kazi kwake Musoma, nikiwa na miaka ishirini na moja.

Nilikuwa nimepanga chumba mtaa wa Iringo, cha uani, mlango wake unatazama ukuta. Ndani mlikuwa na kitanda cha kamba, ndoo mbili, jiko la mkaa na msumari mmoja wa kutundikia gauni. Ndoo moja ilikuwa ya maji, nyingine niliipindua nikawa naikalia wakati wa kula. Chakula changu kilikuwa ugali wa muhogo na dagaa, na nilikula upesi, maana mtu anayekula peke yake hana cha kumchelewesha. Chumba cha pili walikaa fundi cherehani mmoja na mumewe. Ukuta wetu haukufika kwenye bati, kwa hiyo niliyasikia yote. Kila jioni mume alipoingia, kabla hata ya kuvua viatu, alimwuliza mkewe, "Umekula?" Mke alikuwa akijibu, "Nitakulaje bila wewe, kwani mimi paka?" Wakacheka. Swali lilikuwa lile lile na jibu lile lile, miezi yote. Mimi upande wangu nilizoea kujibu pia, kwa sauti ya chini: nimekula. Siku nyingine hilo ndilo lilikuwa neno langu la kwanza tangu nitoke kazini.

Kazini pia sikuwa msemaji. Karakana ya Fundi Wambura ilikuwa nyuma ya maduka, chumba kimoja chenye sakafu ya saruji iliyolowa oili, meza yenye vaisi mbili za kubania chuma, na mashine ya kusukuma plastiki. Mashine yenyewe ilikuwa ya mkono. Unajaza chembe za plastiki kwenye bomba linalopashwa moto kwa umeme, unasubiri ziyeyuke, kisha unavuta wenzo mrefu kwenda chini, na plastiki inasukumwa kuingia ndani ya moldi. Moldi ni vipande viwili vya chuma vilivyochongwa tumbo, ukivibana pamoja tumbo hilo ndilo umbo la kitu unachotaka. Ikipoa, unafungua, unatoa. Fundi alijifunza uchongaji akiwa kijana, akitengeneza vipuri vya mashine za pamba huku Bunda, na alipozeeka akaamua kuwa na kitu chake mwenyewe. Tulikuwa wawili tu. Yeye alichonga na kuvuta wenzo, mimi nilichagua plastiki, kuiosha na kuikatakata.

"Wewe Nyangeta," aliniambia wiki ya kwanza, "unaongeaga lini?"

"Naongeaga, Fundi."

"Na nani? Na madumu?"

Alicheka peke yake, na mimi nikainamia gunia. Lakini hakuwa mtu wa kudharau. Alinifundisha plastiki kama mtu anavyofundishwa ng'ombe wa nyumbani, mmoja mmoja kwa tabia yake. Dumu la mafuta ya kula ni laini, ukilikwaruza kwa ukucha linabaki na alama, na likiungua linanuka mshumaa. Kiti cha plastiki ni kikavu zaidi. Kipande chake ukikidondosha sakafuni kinalia, ukikipinda kinapauka pale kwenye mkunjo lakini hakikatiki. Gia ndogo za mashine zikiungua zinanuka nywele. Na paipu nyeupe ya maji inakataa kuungua ukiondoa moto, moshi wake unachoma pua mpaka machozi. "Hiyo ndiyo adui," alisema. "Iangalie sana. Imevaa nguo nyeupe kama kiti, lakini siyo kiti." Yeye mwenyewe hakuweza kuinusa. Miaka mingi ya ugoro ilikuwa imemaliza pua yake, na macho nayo yalikuwa yameanza kuingia ukungu. "Mimi nina mikono," alisema. "Pua ni wewe."

Njia yetu ya kuitenga ile paipu ilikuwa beseni la maji. Chembe za dumu na za kiti zinaelea, za paipu zinazama. Lakini chembe kavu ina vumbi na hewa, na inaweza kuelea kwa kudanganya. Kwa hiyo kando ya beseni kulikuwa na kopo lenye kipande cha sabuni ya mche. Kabla ya kumwaga chembe, nilikwangua sabuni kidogo ndani ya maji na kukoroga. Sabuni inaondoa ile hewa, na kilicho kizito kinakwenda chini kwenye haki yake. Kazi hiyo ilikuwa yangu, na Fundi hakuwahi kuikagua.

Tulichotengeneza kilikuwa sindano za kushonea nyavu. Ni kitu bapa, kirefu kuliko kidole, kina ncha mbele na ulimi mwembamba katikati. Uzi unazungushwa kwenye ulimi huo, na kila unapozungusha, ulimi unapinda. Wavuvi wa rasi ya jirani walizoea kuchonga za mti, na za mti hukatika ulimi. Aliyetutuma kazi hiyo alikuwa Mzee Mafuru, mshonaji nyavu wa huko rasini, mtu wa maneno mengi na kofia moja. Alikuja mara kwa mara kuangalia moldi inavyokwenda, akakaa juu ya dumu kama ni kwake. Ndipo niliposikia, nikiwa nimeinamia beseni, mazungumzo yao kuhusu chuma.

"Kwa nini usichonge kwenye springi ya lori?" Mafuru aliuliza. "Springi haifi."

"Haifi, lakini itakula tupa zangu zote. Na macho yangu haya, nitaimaliza lini? Nachonga kwenye chuma laini kwanza. Nikishalijua umbo, naingia kwenye stenlesi."

"Hicho ulichokificha chini ya meza kwenye tambara? Nilidhani ni mahari."

"Hicho hakishiki kutu hata ukikilaza kwenye chumvi. Kinasubiri siku yake."

"Basi anza nacho, uache kutuzungusha."

"Mafuru, mkeo anachagua chungu kabla hajajua anapika nini? Naulizaga kwanza plastiki. Sindano inataka ya viti, ndiyo inayopinda bila kukatika, na hiyo haina ugomvi na chuma laini. Ingekuwa ya paipu, ningekuambia stenlesi tu. Paipu ikiyeyuka inatoa kitu kikali kama asidi ya betri. Chuma laini hakikai nayo siku mbili."

"Na ikiingia kwa bahati mbaya?"

"Itapita wapi? Nyangeta yuko mlangoni."

Nilisikia jina langu na mgongo ukanyooka wenyewe. Sidhani kama kuna siku nyingine mwaka ule niliyojiona nina mahali pangu duniani kama ile.

Moldi ilimchukua miezi minne. Aliichonga kwa tupa ndogo, akaisugua kwa msasa, akaipitishia kidole gumba na kufumba macho, maana kidole kilikuwa kinaona kuliko jicho. Kwenye mkia alipiga nukta mbili ziwe alama yake. Siku sindano ya kwanza ilipotoka, nyeupe na yenye joto, Mafuru aliichukua akakaa kwenye dumu lake, akawa anaupinda ulimi huku anahesabu kwa Kijita. Fundi alijifanya anapanga misumari. Mkewe, Mama Wegesa, alikuwa amekuja kutoka Butiama na hotipoti, akatupakulia ugali wa mtama na sato wa kuchemsha mwenye nyanya nyingi, na bado Mafuru alikuwa anapinda na kuhesabu. Mwisho akaiweka sindano mfukoni. "Imenishinda," alisema. "Nipeni samaki." Tulikula watu wanne kwenye sinia moja. Niliona aibu kunyoosha mkono mbali, nikala upande wangu tu, na Mama Wegesa akawa ananisogezea minofu.

Siku hiyo hiyo alinialika. Binti yao Wegesa alikuwa anapata kipaimara Jumapili ya wiki iliyofuata. "Uje, mwanangu," aliniambia. "Wewe ni wa nyumbani." Hakuna mtu mwingine aliyekuwa amenialika mahali popote mwaka ule.

Nilikuwa na gauni moja la kutokea, la bluu, na lilikuwa na doa la oili. Sabuni yangu ilikuwa imekwisha, na sikuwa na kitu mkononi mpaka Jumamosi. Ningeweza kumwomba jirani, nilisimama hata mlangoni pake, nikasikia wanaongea ndani, nikarudi. Ningeweza kumwomba Fundi. Angenipa akiwa bado anaongea jambo jingine. Lakini mimi kuomba kulikuwa kunaniuma kuliko kukosa. Alhamisi, wakati wa kutoka, nilichukua kile kipande kwenye kopo la beseni, nikakifunga kwenye kanga. Nilifua gauni mara tatu mpaka doa likatoka, na sabuni nayo ikaisha kabisa.

Ijumaa lilikuja gunia la vipande vyeupe vilivyokwisha kupondwa, kutoka kwa mtu aliyekuwa akitukusanyia. Nilimwaga chembe kwenye maji matupu. Nyingi zilielea. Nilijua kwamba zingine zinaelea kwa hewa, nilijua kabisa, nikazikoroga kwa mkono na kujiambia kwamba inatosha. Nikazikusanya zilizoelea, nikazianika.

Jumamosi asubuhi Fundi alivuta wenzo, na sindano ya tatu au ya nne ilipotoka, harufu ikanichoma pua. Haikuwa nyingi, lakini niliijua. Macho yalianza kunitoka maji. Fundi alikohoa. Akageuka kwangu.

"Nyangeta, pua inasemaje?"

Nilitazama sakafu. Kama ningesema ni paipu, angeuliza imepitaje kwenye beseni, na ningetakiwa kusema habari ya sabuni, na gauni lilikuwa tayari limenyooshwa, linaning'inia kwenye msumari.

"Iko sawa, Fundi."

Tuliendelea mpaka mchana. Alipomaliza, alifungua moldi, akachovya tambara kwenye mafuta, akapaka ndani pande zote mbili, kwenye ulimi, kwenye ncha, kwenye zile nukta mbili. Nilikuwa nimesimama karibu naye nimeshika kopo la mafuta. Kisha akaibana na kufunga karakana.

Jumapili niling'aa. Mama Wegesa alinishika mabega akanigeuza mbele ya wageni. "Mwangalieni huyu, alivyo msafi," alisema. Nilikaa chumba cha wanawake, nikala wali na nyama, nikawasikiliza wakitaniana habari za wakwe, na nilicheka mara mbili kwa sauti. Niliporudi Iringo, nilivua gauni polepole sana.

Jumatatu Fundi alifungua moldi. Ndani kulikuwa kwekundu kwa kutu. Akasugua kwa kidole gumba, na chini ya ule wekundu kulikuwa na vishimo, vingi kama alama za ndui, hasa pale kwenye ulimi palipokuwa pembamba zaidi. Alipitisha ukucha, ukakwama. Akaupitisha tena. Miezi minne ilikuwa pale. Hakupaza sauti. Aliketi kwenye dumu la Mafuru, akatazama mikono yake yote miwili.

"Jumamosi nilipaka mafuta?" aliniuliza. "Uliniona nikipaka?"

Hadi leo najua jinsi kopo lile lilivyokuwa mkononi mwangu, na kishikio chake kilivyokuwa kimepinda.

"Sikuangalia, Fundi."

"Basi nilisahau," alisema. "Uzee umeingia, na mimi niko hapa nachonga."

Alijaribu kuisugua. Vishimo vikapungua, lakini tumbo likapanuka, sindano zikawa nene mahali pasipotakiwa na kung'ang'ania ndani ya moldi. Mafuru alirudisha moja mkononi, ulimi wake umekatika. "Hii haikufika hata ishirini," alisema, na kwa mara ya kwanza hakutania. Wiki ile Fundi alitoa stenlesi kwenye tambara. Akaibana kwenye vaisi, akaichora mistari kwa msumari, sindano nzima, na ulimi wake. Nilifurahi, nikadhani yamekwisha, tunaanza upya kwenye chungu kinachofaa. Alishika tupa, akaiweka juu ya chuma, akakaa hivyo muda mrefu. Kisha akafungua vaisi.

"Kipande kama hiki hapewi mtu anayesahau," alisema, akakirudisha kwenye tambara.

Kabla mwaka haujaisha alifunga karakana na kurudi Butiama. Mashine ilichukuliwa na mtu wa Bunda anayetengeneza vifuniko vya madumu, na mimi nikachukuliwa pamoja nayo, kwa kuwa nilijua plastiki. Ndiyo mashine ninayovuta mpaka leo.

Kabla sijahamia Bunda nilikwenda Butiama kusema. Njiani nilirudia maneno yangu kama mtoto anayetumwa dukani. Fundi alinipokea kwa furaha, akaniuliza habari za Musoma, Mama Wegesa akaniweka jikoni tukamenya viazi. Nikiwa naleta sahani sebuleni, nilimsikia Fundi akiongea na jirani aliyekuja kusalimia. "Niliacha kazi mwenyewe," alikuwa anasema. "Nilisahau mafuta siku moja tu. Mtu akishaanza kusahau, akae chini kabla hajaumiza wengine." Jirani akaitikia kwamba ni kweli, na kwamba wazee wengi hawana busara hiyo. Nilisimama nyuma ya pazia, sahani zimenijaa mikononi. Nilitakiwa kusema pale. Mbele ya jirani yule nilitakiwa kusema: alipaka, nilimwona. Niliingia, nikaweka sahani, nikasema karibuni chakula.

Baada ya hapo niliogopa kwenda. Mwaka ukawa miaka, na miaka ikawa mingi hivi. Watu husema mpole hana ubaya na mtu. Mimi nilikuwa mpole, na upole wangu ulimnyang'anya mtu imani aliyokuwa nayo kwa mikono yake.

Baada ya maziko nilibaki kuosha vyombo, na wanawake walipotawanyika nilimwambia Mama Wegesa yote, sabuni, beseni, pua, mafuta. Nilisema nikiwa nimeshika sufuria, sikuweza kuiweka chini. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Sabuni, Nyangeta?" alisema. "Ningekupa mche mzima."

Kuku walipita katikati yetu.

"Unajua aliishije? Kila siku ananiuliza, Mama Wegesa, nimefunga zizi? Nimezima jiko? Naenda kuangalia, amefunga. Amezima. Miaka yote hiyo. Hakusahaugi kitu yule mzee."

Hakuniambia amenisamehe, na sikumwomba aniambie. Aliingia ndani akatoka na kile chuma. Tambara lilikuwa limeshaoza, lakini chenyewe kilikuwa kinang'aa. "Tulikuwa tunazuilia mlango," alisema. "Chukua wewe unayejua ni cha nini."

Sasa najua kuchonga kidogo. Nimekibana kwenye vaisi mara mbili na kukitoa mara mbili. Mistari ya ncha na ya mkia inaonekana vizuri, lakini mlango wa Butiama umefuta mistari ya ulimi, na ulimi ndio sindano. Sina hata moja ya zile za mwanzo. Mzee Mafuru alitangulia zamani, na ile ya mfukoni mwake sijui ilikwenda na nani.

Kwa hiyo nawaomba ninyi mnaosoma, hasa wa rasini na wa visiwa. Angalieni kwenye makopo ya wazee wenu, kwenye nyavu za zamani zilizotundikwa. Kama mnayo sindano nyeupe ya plastiki yenye nukta mbili kwenye mkia, niandikieni kupitia kwa huyo aliyewaletea karatasi hizi. Niambieni urefu wa ulimi wake na upana wake pale unapoanzia, na kama bado unapinda. Mkitaka kuniuliza lolote kuhusu fundi aliyeitengeneza, ulizeni. Msiogope mwandiko mbaya, hauwezi kuushinda wangu. Nitasoma polepole, na safari hii nikiulizwa nitajibu.